Tufaha la Upanga: Majina ya Kifundo cha Mpini Katika Nchi za Ulaya

Juma lililopita tulizungumza juu ya bapa la upanga wa Ulaya, tukaona jinsi wahunzi walivyolifua na kulinoa. Leo tutakwenda upande wa pili wa upanga, kwenye mpini. Tena si mpini wote, bali ile ncha yake ya mwisho iliyo mbali na makali. Pale huwa pana donge la chuma, au la shaba, au hata la fedha na dhahabu. Donge hilo nitaliita kifundo cha mpini, maana ndilo neno lililo karibu nami. Kama kwenu mna neno lililo bora, mtaniambia mwisho wa somo.

Sababu ya kuchagua jambo dogo namna hii ni barua. Msikilizaji mmoja aliona katika kitabu picha ya upanga wa Waviking, wale mabaharia wa Denmark, Norway na Sweden waliotisha pwani za Ulaya tangu karne ya 8 hata karne ya 11. Chini ya picha paliandikwa kwamba upanga ule una kifundo cha “njugu ya Brazil”. Naye akauliza: Je, watu hao walifika Brazil zaidi ya miaka 400 kabla ya Wareno? Asema wenzake walimcheka.

Mimi sikucheka. Swali lina akili. Waviking walisafiri mbali kweli kweli. Huko L’Anse aux Meadows, katika kisiwa cha Newfoundland cha nchi ya Kanada, magofu ya nyumba zao yalitambuliwa mwaka 1960. Na mwaka 2021 wataalamu walionyesha kwamba miti iliyokutwa mahali pale ilikatwa kwa vyombo vya chuma mwaka 1021. Basi mtu aijuaye habari hiyo, akisoma “njugu ya Brazil”, mbona asifikiri kwamba walishuka kusini zaidi? Lakini njugu ile huota katika misitu ya mto Amazon, maelfu ya maili kutoka Newfoundland, wala hakuna ushahidi wowote kwamba mabaharia hao walifika huko. Kosa si la msikilizaji wetu. Kosa ni la jina, na ndiyo maana leo tutalichunguza jina hilo pamoja na ndugu zake.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kama nilivyoomba juma lililopita, shika kisu chako cha jikoni, kile chenye mpini wa mti. Chuma cha kisu hakikomi pale mpini unapoanzia. Huendelea, kikawa chembamba, kikaingia ndani ya mti. Sehemu hiyo tuiite mkia. Katika kisu mkia huwa mfupi, na watosha, kwa sababu kazi ya kisu ni kukata vitunguu. Upanga wapigwa juu ya ngao na juu ya chuma. Mpini wa namna ya kisu ungechomoka siku ya kwanza. Kwa hiyo mkia wa upanga ulikuwa mrefu. Mhunzi aliuvika kwanza kile chuma cha kukinga mkono, kisha mti wa mpini, na mwisho kifundo chenye tundu katikati. Ncha ya mkia ikatokeza juu kidogo, naye akaigonga kwa nyundo mpaka ikatanda kama kichwa cha msumari. Hapo vitu vyote vikabanwa pamoja.

Kazi ya pili ya kifundo ni uzito. Jaribu kuinua jembe kwa kulishika ncha ya mpini, utaona jinsi linavyouvuta mkono chini. Upanga wa askari wa karne ya 12 au ya 13 aghalabu ulikuwa na uzito wa kilo moja na kitu, si zaidi sana, lakini kama uzito huo wote ungekuwa mbele, mkono ungechoka upesi. Kifundo kilirudisha uzito nyuma. Tena kilizuia mkono usiteleze. Tena kilikuwa silaha chenyewe: adui akikaribia mno hata makali yasipate nafasi, alipigwa usoni kwa kifundo. Hata leo Mwingereza akitaka kusema kwamba mtu amepigwa ngumi mfululizo, hutumia neno lililozaliwa na jina la kifundo hiki.

Jina lenyewe ni pommel, na asili yake ni tunda. Kwa Kilatini pomum ni tunda lo lote la mtini. Wafaransa wa kale walilichukua neno hilo likawa tufaha, kisha wakasema pomel, yaani kijitufaha, kwa kitu cho chote cha mviringo kilichowekwa juu ya kitu kingine. Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wafaransa. Wala halikuwa neno la upanga tu. Tandiko la farasi lina kijitufaha chake mbele, na katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, neno hili hili limetumika kwa mapambo yaliyokuwa juu ya nguzo za hekalu la mfalme Sulemani. Wataliana na Wahispania husema pomo. Wajerumani hawakuliona tunda. Wao husema Knauf, ambalo ni ndugu wa neno lao la kifungo cha nguo. (Ninaposema tufaha, wenzangu wa pwani msifikiri lile tunda jekundu la mtufaha wa kwetu. Ni lile la nchi za baridi, la mviringo hasa.)

Basi watu waliovaa panga walisema tufaha, au kifungo, wakanyamaza. Kama kifundo kilikuwa cha pembe tatu au cha pembe nne, kilikuwa tufaha vile vile. Na Waviking wenyewe hawakuwa hata na tufaha. Wao waliuona mpini kuwa na hjalt mbili, moja chini ya mkono na moja juu ya mkono, na sehemu ishikwayo wakaiita meðalkafli, maana yake kipande cha katikati. Kile tunachokiita leo kifundo kwao kilikuwa ni hjalt ya juu tu. Tazama jinsi fikira ilivyo tofauti: sisi twaona donge mwishoni mwa mpini, wao waliona mkono uliokingwa pande mbili.

Huenda mtu akauliza: Kama hawakuwa na majina ya maumbo, waliutofautishaje upanga mmoja na mwingine? Tunao ushahidi mzuri. Mwaka 1014 alikufa Æthelstan, mwana wa mfalme Æthelred wa Uingereza, na wasia wake umesalia mpaka leo. Alikuwa na panga nyingi, naye akazigawa moja moja. Upo upanga wenye mpini wa fedha uliokuwa wa Ulfketel. Upo upanga mwingine wenye mpini wa fedha, uliotengenezwa na Wulfric. Upo ule wenye alama ya mkono. Upo wenye mpini wa vitobo. Na ndugu yake Edmund, aliyekuja kuwa mfalme mwaka 1016, aliachiwa upanga wa mfalme Offa, na huyo Offa alikuwa amekufa mwaka 796. Upanga wa zaidi ya miaka 200! Katika wasia huo wote hamna hata neno moja la umbo la kifundo. Yaliyotajwa ni madini, alama, fundi, na mtu aliyeushika zamani. Ndivyo mwenye mali anavyokijua kitu chake. Mzee akigawa majembe yake hasemi “jembe la umbo la mwezi”. Husema “lile nililopewa na marehemu mjomba”.

Sasa tuje kwa majina ya kwenye vitabu. Haya yametoka kwa wakusanyaji wa vitu vya kale na wataalamu wa siku za karibuni. Mkusanyaji hamjui Ulfketel wala Wulfric. Ameletewa chuma kilichooza kutoka mtoni au kaburini, mti wa mpini umekwisha kuliwa na udongo, na kifundo ndicho kilichobaki kizima. Hana budi kukipa jina kwa jicho lake, na jicho la mtu hutazama kwanza vitu vya nyumbani kwake. Ukiyapanga majina hayo pamoja, utaiona nyumba ya bwana wa Kiingereza, chumba kwa chumba.

Mlangoni imetundikwa kofia. Ni ile kofia iliyokunjwa ukingo juu ya kichwa, waliyoivaa mabwana na maofisa wa karne ya 18. Kwa kuifananisha na kofia hiyo, Waingereza wamevipa jina vifundo vidogo vya pembe tatu vya karne ya 6 na ya 7. Kimoja kilichotoka Sutton Hoo, kaburi la merikebu lililofukuliwa mwaka 1939, ni cha dhahabu na vito vyekundu, nacho kimo katika makumbusho ya British Museum mjini London. Na mwaka 2009, katika shamba moja karibu na kijiji cha Hammerwich, wilaya ya Staffordshire, iligunduliwa hazina ya dhahabu yapata kilo 4, na ndani yake vifundo zaidi ya 70. Bapa la upanga hata moja halikuonekana. Watu walikuwa wamevunja mipini, wakachukua mapambo, wakaacha chuma. Mafundi wale waliunganisha vito kwa ustadi ambao sonara wa leo atautazama kwa lenzi na kutikisa kichwa. Nasi twaviita “kofia”, kofia iliyovaliwa miaka 1,000 baada yao.

Mezani pana buli la chai, nalo limefunikwa kwa kile kifuniko cha kitambaa kinachozuia chai isipoe. Hilo ndilo jina walilopewa vifundo vya nusu duara vya mwisho wa siku za Waviking. Chai yenyewe haikufika Ulaya mpaka karne ya 17. Kwenye bakuli zimewekwa njugu za sikukuu ya Krismasi, na hiyo ndiyo njugu ya Brazil: kokwa ngumu, mgongo wake umepinda, upande wa pili una ukingo. Kwa kweli kifundo chake chafanana nayo sana, siwezi kukataa. Kilitumika tangu karne ya 10 au ya 11 mpaka ya 13. Kisha tupande juu, chumbani kwa bibi mwenye nyumba, na kwenye meza ya kujipambia tutakuta chupa ya marashi yenye kizibo cha kioo. “Kizibo cha marashi” ndilo jina la kifundo kirefu, kinene upande wa juu, kilichopendwa katika karne ya 14 na ya 15. Fikiri askari wa vita vya Wafaransa na Waingereza, matope mpaka magotini, mtu amwambie kwamba ameshika kizibo cha marashi.

Na majirani wa nyumba hiyo hawakuona vitu vile vile. Kifundo ambacho Mwingereza akiita njugu, Wajerumani wengine wamekiita uyoga. Kile kizibo cha marashi, wengine wamekiita tunda la peasi. Hii yatosha kuonyesha kwamba majina haya hayakurithiwa kwa mababu; kama yangerithiwa, yangefuatana kama pomel na pommeau na pomo yanavyofuatana.

Tukitaka kulipima jambo hili kwa mizani ya kwetu, tuchukue korosho. Mkorosho asili yake ni Brazil, nao uliletwa pwani yetu na Wareno katika karne ya 16. Sasa mtu akikuambia kwamba mafundi wa Kilwa, miaka 900 iliyopita, walichonga pambo na kuliita “korosho”, utamjibu mara moja: haiwezekani, bwana, hapakuwa na korosho hapa. Lakini akisema kwamba pambo hilo lafanana na korosho, na sisi leo twaliita hivyo, amesema kweli. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo mdomoni, lakini katika historia ni kubwa, na picha ya msikilizaji wetu iliiacha tofauti hiyo bila maelezo.

Wataalamu waliiona hatari hiyo. Mwaka 1919 Jan Petersen wa Norway alichapa kitabu juu ya panga za Waviking za nchi yake, akaipanga mipini kwa herufi, si kwa njugu wala kofia. Mwaka 1927 Wheeler wa London akaifupisha hesabu hiyo kuwa aina saba zenye namba. Kisha Ewart Oakeshott, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1916 na kufa mwaka 2002, alivipanga vifundo vya panga za karne za kati kwa herufi tangu A mpaka Z, na kitabu chake cha mwaka 1964 ndicho wanachokirudia watu wengi hata leo. Yeye alipenda sana kuchora, na twaweza kusema kwamba michoro yake imefanya kazi kuliko maneno yake. Tena hakuona haya kujisahihisha. Kitabu chake cha mwaka 1991 kilibadilisha tarehe kadhaa za zamani.

Herufi ni kavu, hazina ladha. Lakini hazimdanganyi mtu kwamba Mviking alikula njugu. Ila nazo zataka uangalifu: H ya Petersen ni mpini wenye kifundo cha pembe tatu, H ya Oakeshott ni kifundo cha duara kama kisahani, kingo zake zimechongwa. Mtu akikuandikia “aina ya H” bila kutaja kitabu cha nani, amekuandikia nusu ya neno.

Labda wako wasemao: haya ni mambo ya wataalamu, sisi yatuhusu nini? Tazama basi upanga mmoja ulioko Vienna, katika hazina ya wafalme wa zamani wa Ujerumani. Kwa mapokeo huitwa upanga wa Mtakatifu Maurice. Huyu Maurice, kwa jinsi Kanisa linavyosimulia, alikuwa mkuu wa kikosi cha askari Wakristo kutoka Thebes, huko Misri, naye aliuawa kwa ajili ya dini mwishoni mwa karne ya 3. Wajerumani walimheshimu sana; katika kanisa kuu la Magdeburg mpaka leo iko sanamu yake ya karne ya 13, mtu mweusi, sura ya Kiafrika kabisa, amevaa vazi la vita la chuma. Kwa hiyo jina la upanga lasema: Mwafrika, karne ya 3.

Lakini kifundo chasema jambo jingine. Ni cha lile umbo la njugu, au uyoga, wala hakuna askari wa Kirumi aliyevaa kifundo cha namna hiyo. Tena juu yake zimechorwa nembo: upande mmoja tai wa dola, na upande wa pili nusu ya tai pamoja na simba watatu. Hiyo ni nembo ya Otto wa Nne, aliyekuwa mfalme tangu mwaka 1198 na kaisari tangu mwaka 1209, akafa mwaka 1218. Mama yake alikuwa binti wa mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, na wale simba ni wa ujombani kwake. Kandokando pamechorwa maneno ya Kilatini kutoka Zaburi, yale ya kumhimidi Mungu aufundishaye mkono vita. Basi upanga ni wa Otto, miaka 900 hivi baada ya Maurice. Heshima ya Maurice haipungui. Lakini mtu akitaka kujua Otto alijionaje alipokuwa akigombea kiti chake, hatajua kama ataamini jina na kuacha kutazama kifundo.

Kifundo kingine kiko Marekani, katika Metropolitan Museum mjini New York. Hiki ni cha duara, namna iitwayo gurudumu, chenye nembo ya Pierre de Dreux, mtawala wa Brittany katika Ufaransa. Pierre alikwenda Misri pamoja na mfalme Louis wa Tisa, akatekwa huko mwaka 1250, akaachiliwa, akafa baharini akirudi kwao mwaka huo huo. Na kifundo? Yasemekana kilinunuliwa sokoni Damascus katika miaka ya 1920. Bapa halipo, mti haupo, hata jina la upanga, kama ulikuwa nalo, halipo. Limebaki tufaha moja lenye nembo, nalo limetuambia mwenyewe ni nani.

Baadaye, panga zilipokuwa vazi la maofisa, mafundi walitengeneza vifundo vya vichwa vya wanyama: simba kwa Waingereza, kama katika upanga wa maofisa wa askari wa miguu wa mwaka 1803, na tai kwa Wamarekani. Hapo jina halikuwa na shida, kila mtu aliona simba akasema simba. Sitakawia juu yake.

Basi namjibu msikilizaji wetu hivi. Waviking hawakufika Brazil, na kifundo kile hawakukiita njugu. Penye picha yako andika kwa penseli: “umbo lifananalo na njugu ya Brazil, jina la siku za karibuni”. Kisha wapelekee kitabu wale waliokucheka, uwaulize wao jina hilo lilitoka wapi.

Kabla ya kuagana, nina kazi kwa wote. Ulizeni nyumbani, hasa kwa wahunzi na wazee wenye panga, majambia na visu vya zamani: ncha ile ya mwisho ya mpini yaitwaje kwenu? Niandikieni neno lenyewe, na mahali, na kama ni mzee au kijana aliyelisema. Juma lijalo tutazungumza juu ya ala, na tutaanza na barua zenu. Kwaherini.